Goti la Mlingoti

Kila mara klabu ya mpira wa kikapu ilipofika hatua ya mtoano, kocha alikwenda mwenyewe kwenye stoo ya vifaa kumwita mpiga deki. Mpiga deki aliacha ndoo mlangoni, akanawa mikono, akaingia chumba cha kubadilishia nguo na kuketi kwenye kiti cha plastiki kilichowekwa katikati. Akakunja mguu wa kulia wa suruali yake ya kazi. Daktari wa timu alilifunika goti kwa taulo la moto mpaka likalainika, wachezaji wakaacha kufunga kamba za viatu, na kocha akauliza, "Mama, nusu fainali tuna wale wa benki. Inakuwaje?"

"Nne kwa mbili," goti lilisema. "Tunapita."

Lilikuwa na sauti ya mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha. Kwenye mtoano anayetangulia kushinda mechi nne ndiye anayesonga mbele, na goti halikuwahi kukosea. Wachambuzi wa redioni, baada ya kuumbuka vya kutosha, walizoea kumpigia mpiga deki simu na kumwomba aishushe mpaka kwenye goti. Goti liliwasalimia kwanza, kisha likawaambia. Halikuwa na choyo.

Mpiga deki aliwahi kuichezea klabu hiyohiyo. Walimwita Mlingoti kwa urefu wake, na jina lilimganda hata baada ya mgongo kuinama. Goti liliharibikia kwenye fainali moja ya zamani: lilivimba, likachomwa sindano ya ganzi kabla ya kila mechi, akacheza zote, kombe likaja. Ganzi ilipokwisha, likaanza kusema. Klabu ikampa kibarua cha deki ili lisiende mbali.

Sasa aliyekuwa akicheza ni bintiye. Huyo walimwita Cheche, kwa sababu tangu utotoni hakujua kutulia; hata chai aliinywa akizunguka meza. Wale wa benki walitolewa nne kwa mbili kama ilivyosemwa, na asubuhi yake Mlingoti alimwona Cheche akishuka ngazi kiubavuubavu, mkono ukutani.

"Limevimba?"

"Kidogo tu, mama. Usianze."

Mlingoti hakuanza. Alikwenda kazini akapiga deki korido, akaipiga tena kabla haijakauka, kocha akapita akateleza. Moyo wake haukukaa mahali pamoja siku nzima. Lakini katika kwenda na kurudi huko akapata hoja, na ilikuwa hoja nzuri kweli. Goti likisema fainali tunashindwa, ya nini kumharibu mtoto bure? Likisema tunashinda, si tutashinda hata akiwa amekaa benchi? Akaona amewabana kotekote.

Hata hivyo alijifungia stoo, katikati ya mipira iliyoisha upepo, akakunja suruali.

"Nisaidie," akaliambia goti. "Sema tunashindwa."

"Mimi sisemi uongo."

"Ni mwanangu."

"Nilipovimba nilikuwa nakuomba unipumzishe," goti likasema, bila hasira. "Ukanipeleka kwenye sindano."

"Walinichoma wao!"

"Suruali ulikunja mwenyewe."

Ilimuuma, kwa sababu alikumbuka alivyoikunja: haraka haraka, asije akapewa nafasi mwingine. Alikaa kidogo juu ya ndoo, akalia, akajifuta kwa kitambaa kilichokuwa karibu, kile cha deki.

Alasiri kiti kikawekwa. Safari hii Katibu wa klabu alikuwepo, na suti yake. Taulo likaja, kocha akauliza.

"Nne kwa tatu," goti lilisema. "Kombe letu."

Wakapiga makofi. Mlingoti hakuinuka.

"Kama kombe ni letu," akasema, "basi Cheche apumzike. Goti lake limevimba. Akicheza, asicheze, tumeshashinda."

Ilikuwa kweli. Daktari akaangalia sindano aliyokuwa ameshaiandaa. Kocha akamwangalia Katibu.

"Mama yangu," Katibu akasema kwa upole kabisa, "goti limesema tunashinda. Tunashinda na timu gani? Si hii hii? Tukianza kuitoboatoboa timu, tutakuwa tumelivunjia goti heshima."

"Na lingesema tunashindwa?"

"Hapo ndiyo tungemhitaji zaidi."

Hoja ya Mlingoti ilikuwa na milango miwili, na mtu huyu alikuwa ameketi kwenye yote miwili. Akamgeukia bintiye. Cheche alikuwa akitembea kati ya makabati, hawezi kusimama, hawezi kukaa.

"Mama, niache nicheze," akasema. "Umepata wewe, mimi nisipate?"

Akaketi, akakunja suruali ya mazoezi. Aliikunja haraka haraka.

Fainali ilikwenda nne kwa tatu. Cheche alicheza zote, akafunga kikapu cha mwisho kwa mguu mmoja, na uwanja ukalipuka. Mlingoti aliitazama mechi hiyo kwenye upenyo wa mlango wa stoo, ameshika mpini wa deki kwa mikono miwili. Watu walipoondoka aliingia kuokota karatasi. Lilikuwa kombe la pili katika familia, nalo lilibaki ofisini kwa Katibu, kando ya lile la kwanza.

Msimu uliofuata Cheche aliketi na wachezaji wa akiba. Alisema ni kwa muda tu. Alitikisa mguu mzima bila kukoma; ule mwingine alikuwa ameunyoosha mbele, umefungwa bendeji. Mtoano ulipofika, kocha akamwita mama, kiti kikawekwa, taulo likaja.

"Robo fainali, mama. Inakuwaje?"

"Nne kwa..." goti likaanza, likasita kutafuta.

"Moja," ikamalizia sauti nyingine, changa, kutoka chini ya bendeji ya Cheche. "Tunapita."

"Ndiyo," goti la Mlingoti likakubali. "Moja."

Kocha akaandika matokeo ubaoni. Daktari akaenda kuchovya taulo la pili. Katibu akatazama huku na huku, akasema kiletwe kiti kingine.

Mlingoti ndiye aliyekwenda kukileta, akichechemea. Kilikuwa na vumbi, akakifuta.