Tufe la Kumi na Mbili

Kila Jumamosi saa nane mchana Dorota Wieczorek alikuwa akifuta tufe lake kwa nepi ya zamani ya bintiye, akikausha vidole kwenye mashine ya upepo, akipiga hatua nne na kuliachia. Jumamosi ya mchujo wa ubingwa wa wanawake, katika ukumbi wa bolingi wa Zielinski mjini Racine, mwaka 1961, alifanya hivyo mara kumi na moja, na kila mara vigingi vyote kumi vikaanguka; lilibaki tufe moja tu ili mchezo ukamilike bila kosa.

"Dot, asubuhi umekunywa nini, baruti?" Lorraine Huck, mpinzani wake, alimtania baada ya tufe la tatu.

"Supu ya bitiruti, shoga. Ungejua kupika ungeijua."

Baada ya tufe la sita Lorraine alinyamaza. Wote walinyamaza. Mchezaji ambaye hajakosa hasemeshwi mpaka mchezo wake uishe, asije akapata nuksi, na mwiko huo pale Racine hata walevi waliuheshimu. Mume wa Dorota, Walt, alisogeza kiti chake nyuma na kutazama viatu vyake.

Tufe la kumi na mbili lilimtoka Dorota mkononi vizuri. Liliteleza juu ya mafuta yaliyopakwa kwenye njia ya mbao mpaka karibu nusu yake, kisha likapunguza mwendo. Halikusimama. Liliviringika polepole kiasi kwamba ilibidi uondoke, ule, urudi, ndipo uone kuwa limesogea.

Saa tano usiku Zielinski alifunga ukumbi. Taa ya njia ya saba aliiacha ikiwaka.

Jumanne alikuja mkaguzi wa chama cha mchezo, mwenye futi ya chuma na kikohozi. Alipima njia, akapiga magoti kando ya tufe, kisha akazungumza na Zielinski, akiwa amempa Dorota mgongo.

"Halijafika, na halijakosa. Sina cha kuandika."

"Na njia yangu?"

"Zungushia kamba."

Chama kilikuwa na nafasi moja tu ya kwenda kwenye ubingwa wa taifa, na aliyeipata angeingia katika mchezo wa kulipwa, akisafiri mji hadi mji mwaka mzima. Nafasi hiyo Dorota alikuwa ameitafuta tangu kabla ya kuolewa. Akapewa Lorraine, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa imekamilika. Lorraine alikuja kumkumbatia, akalia begani mwake, akaondoka bila kusema neno. Mwaka uliofuata alionekana kwenye televisheni akiwa na sketi nyeupe.

Kwa kuwa mchezo haukuwa umeisha, Dorota hakusemeshwa. Muuza nyama alimkatia alipoonyesha kwa kidole. Padri alimsikiliza maungamo, akagonga ubao mara moja kumaanisha amesamehewa. Irena, binti wa Dorota, aliyekuwa na miaka saba, alijifunza kuongea na vyombo.

"Jiko, nina njaa," alisema. Au, "Kabati, mwambie mtu kwamba nimekuwa wa kwanza kwenye hesabu."

"Kabati limefurahi sana," Dorota alijibu, na mtoto akaangalia pembeni ili isiwe kama wanaongea.

Mwaka wa tatu, tufe la mwanamume mmoja wa mji wa Toledo lilipunguza mwendo vivyo hivyo, katikati ya njia, likiwa la kumi na mbili. Chama kilimpa pete ya dhahabu ya mchezo usio na kosa wiki hiyohiyo, kwa maelezo kwamba kila mtu aliona lilikokuwa linaelekea. Dorota alipiga simu ofisi za chama. Aliyepokea alisikiliza mpaka mwisho, akakata taratibu.

Walt alirudi kila jioni kutoka kiwanda cha matrekta, akala akiwa amemkabili mkewe, akacheka na redio. Kanisani wanawake walimsifu. "Mume kama huyo utampata wapi? Miaka yote hii hajavunja mwiko hata usingizini."

Mwaka wa tisa tufe lilikuwa limebakiza shibiri moja kufikia kigingi cha mbele. Bega la Dorota halikuinuka tena vizuri. Irena alikuwa amehamia kwa shangazi yake Milwaukee, nyumba yenye kelele. Wadhamini wa ubingwa wa wanawake walikuwa wamejitoa, na Lorraine alikuwa anauza viatu Kenosha.

Jumamosi moja Dorota na Walt walikaa nyuma ya kamba, kama kawaida yao. Kwenye njia ya nane wafanyakazi wa posta walikuwa wanazomeana. Tufe lilijigeuza kidogo, matundu yake matatu ya vidole yakatazama dari.

"Hata likiviangusha vyote hawatalihesabu," Dorota alisema. "Hilo nimeshalijua, Walt. Mimi nataka tu sauti ya mtu nyumbani kwangu. Niambie chochote. Niambie viazi vimeungua."

Walt alivua kofia, akaiweka gotini. Alikohoa, kwa kuwa hakukumbuka tena jinsi ya kuanza.

"Si mwiko ulioninyamazisha, Dorota," alisema. "Sikutaka lifike. Tangu lilipokutoka mkononi, sikutaka lifike."