Gia ya Pili

Mezani kwetu pikipiki zilishindana kila siku bila kuwashwa. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu kwa sababu alifundisha watu kuendesha pikipiki mpaka lori lilipomburuza, alitandaza vipeperushi vitatu kati ya kopo la chumvi na kikombe changu, akaanza. Nyekundu ina nguvu za farasi sabini na tatu. Bluu ina tisini na tano. Nyeusi iko katikati. Zote ni pikipiki za mbio za ukubwa wa wastani, injini zao za ujazo wa cc mia sita na hamsini hivi. Mimi nilikunywa chai nimesimama. Siku hizo kiti kilikuwa kinaniwasha.

"Bluu ina farasi wengi," akasema, "lakini wamelala. Mpaka uikamue injini ipige ukunga ndiyo wanaamka. Nyekundu inavuta tangu chini, halafu ni nyepesi, kilo kumi na tano pungufu. Kwenye kona Bluu haioni ndani."

"Na Nyeusi?"

"Nyeusi breki zake za kubembeleza. Unanisikiliza kweli wewe?"

"Nakusikiliza. Hata uniamshe usingizini nitakutajia zote."

Sikuwa natania. Nilijua urefu wa siti, ujazo wa matangi, upana wa matairi. Nilijua pia kitu ambacho hakukitaja hata siku moja. Kifundo cha mguu wake wa kushoto kilifungwa kwa vyuma hospitalini na hakikunjiki tena. Na gia za pikipiki zote tatu hubadilishwa kwa mguu huohuo. Ya kwanza unaikandamiza chini, na kuanzia ya pili unainua pedeli kwa ncha ya kiatu. Alilinganisha kila kitu mpaka vioo vya pembeni, ila hiyo pedeli aliiruka kama mtu anayeruka dimbwi la maji machafu.

Mimi ndiye niliyekuwa barabarani kutwa. Kazi yangu ni kubeba sampuli za damu kutoka zahanati kwenda maabara kuu, kwa pikipiki ndogo yenye sanduku la barafu nyuma. Nikirudi nimechoka hoi nakuta mashindano yanaendelea. Nilitaka aseme tu, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba hawezi tena kuendesha. Basi. Akisema, tungejua pa kuanzia. Asiposema, mimi naondoka. Dada yangu alikuwa ameshanitengea chumba kwake, na begi nilishalipanga kichwani, bado kulishusha tu kutoka juu ya kabati. Nilimpenda Mwalimu, lakini nilichoka kuishi na mtu aliyehamia ndani ya kipeperushi.

Jumamosi alinyoa ndevu, akavaa viatu vyake vya kazi.

"Leo tunakwenda kuziona," akasema.

Duka lilikuwa ukumbi wa vioo wenye harufu ya mpira mpya, na nyuma yake kiwanja cha saruji cha kujaribia. Muuzaji alikuwa na mdomo usiokauka. Yeye na Mwalimu walielewana palepale kama ndugu waliopotezana, mmoja akitaja uzito mwenzake anataja breki. Mimi nilizunguka ukumbi mara mlangoni, mara dirishani, mpaka mwanamke wa mapokezi akaniuliza kama natafuta choo.

"Na hii Nyekundu, bosi," muuzaji akasema, "ukishaondoka huna haja hata ya kukamata klachi. Unagusa kidogo kwa mguu, gia imeingia. Wenzake hawana hicho kitu."

"Najua," akasema Mwalimu. Hakunitazama.

"Basi ijaribu! Zunguka hapo uani. Ukiipenda unatoka nayo mpaka mzunguko wa barabara, unarudi. Shemeji atakusubiri."

Shemeji ni mimi. Ningeweza kufungua mdomo. Nilinyamaza, na nilinyamaza kwa hasira: mimi ameshindwa kunisikia, acha chuma kimwambie. Mwalimu aliegemeza fimbo yake ya kutembelea ukutani, akavaa helmeti, akapanda kwa shida kidogo. Ya kwanza aliiingiza kwa kupiga pedeli na mguu mzima.

Iliondoka vizuri sana. Mgongo wake ulinyooka, na kwa kitambo kidogo nilimwona yule bwana aliyenifundisha mimi mwenyewe kuendesha. Kisha akafika pale ambapo mtu yeyote angeweka gia ya pili, na mlio wa injini ukapanda, ukapanda, haukushuka. Niliuona mguu wa kushoto ukiinuliwa kuanzia nyongani, kiatu kikiparuza pembeni ya pedeli na kuikosa. Akajaribu tena. Alizunguka kiwanja chote injini inalia, mafundi wakachungulia kutoka karakana.

"Bosi, ina gia sita hiyo!" muuzaji akapaza sauti. "Usiionee huruma!"

Nilitamani kumzaba kibao. Mwalimu akarudi, akazima, akavua helmeti. Uso ulikuwa umelowa jasho.

"Ya pili haiingii," akasema.

Muuzaji akachuchumaa haraka kukagua pedeli.

"Iache, pikipiki ni nzima. Ni mguu wangu. Haukunjiki." Akavuta pumzi. "Siwezi tena kuendesha."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayasubiri. Nilidhani yatanituliza. Badala yake hamu ya kuondoka iliniwasha miguuni kuliko jana na juzi, na nikajichukia kwa hilo. Mwalimu akanisogezea helmeti.

"Panda wewe. Nenda uniambie inavutaje kwenye ya tatu."

Nilipanda. Getini niliweka ya pili, na kabla sijatua vizuri ya tatu ikaingia, mwili ukabaki nyuma, roho ikatangulia. Nilizoea pikipiki inayokohoa mlimani. Hii ilikuwa inanivuta shati. Nilifika kwenye mzunguko wa barabara, mahali pa kugeuzia, nikanyoosha. Barabara ile ndiyo ya kwa dada yangu. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti, kisha nikalia, na muda wote huo sikumkumbuka Mwalimu hata kidogo. Nilimkumbuka taa ya mafuta ilipowaka. Nikasimama kando ya barabara injini ikiunguruma, nikatazama mbele, nikatazama nyuma, halafu nikageuza.

Muuzaji alikuwa getini, kashika simu, kijasho kinamtoka. Mwalimu alisimama mbele yake, ameegemea nguzo. Hakuniuliza habari ya gia ya tatu.

"Nilidhani hurudi," akasema.

"Hata mimi," nikamjibu, nikazima injini.