Glasi Moja kwa Ukoo Mzima

Hakuna bia nchi hii inayoweza kunificha jina lake. Nifunge macho, nipe funda moja tu, nitakutajia ni ipi, na nikiwa na nafasi nitakuambia na hali ya hewa ya siku ilipopikwa.

Maneno hayo niliyatamka kwa kinywa changu Jumamosi mchana, pale mjini Iloilo, uani kwa kina Analyn, mbele ya baba yake, Mzee Eustaquio. Siku hiyo mzee alikuwa aamue kama wazazi wangu waje kumposa Analyn au wabaki kwao. Analyn mwenyewe alikuwa jikoni anachoma ngisi.

Wala sikuwa na hamu ya kujigamba. Nilikuwa naikimbia glasi.

Kwetu, watu wakikaa kunywa bia, glasi ni moja. Hata muwe kumi. Mmiminaji anajaza, unakunywa yote, unarudisha, anajaziwa wa pili. Ukiikataa umewakataa wote walioinywea kabla yako. Nimelelewa hivyo, sikuwahi kulalamika, mpaka nilipokutana na mdomo wa mjomba wake Analyn.

Mjomba Pasyo ndiye alikuwa mmiminaji, tena zamu yake ilitangulia yangu. Masharubu yake ni kama ufagio wa jikoni: yalihifadhi ngozi ya nguruwe ya kukaanga, siki, kitunguu saumu, na kitu cheupe ambacho sikutaka kukijua. Kila akinywa, masharubu yanaingia kwanza kuogelea. Halafu anachovya glasi kwenye bakuli la maji miguuni pake, anaikung'uta, anajaza tena. Maji yale yalishageuka rangi ya supu, na juu yake yalielea macho ya mafuta, yakinitazama.

Glasi yangu ya kwanza ilikuja na barafu, na ndani ya barafu unywele. Niliimeza. Ikashuka, ikapanda, tukabishana kooni. Kabla zamu haijarudi ndipo nikajigamba.

"Ila nataka glasi yangu peke yangu," nikasema, "safi, ladha zisichanganyike."

"Msikieni bwana harusi!" Mjomba Pasyo akacheka. "Ana ulimi wa askofu huyu!"

"Mpeni," akasema Mzee Eustaquio. "Tuone kama ana kingine zaidi ya domo."

Wakanifunga macho kwa taulo lililokuwa shingoni kwa mjomba. Lilikuwa limelowa, lina joto la mwili wake, linanuka jogoo aliyeshindwa pambano. Nikapumua kwa mdomo.

Ya kwanza ilinipanda kichwani kabla ya kufika tumboni. "Red Horse!" Makofi. Ya pili ilikuwa na uchungu ule wa nyumbani. "Pale Pilsen!" Makofi tena. Nikaanza kuvimba. Mwenye akili angeishia hapo.

Ya tatu ilikuwa ya ajabu. Haina povu, ina chumvi kwa mbali, na mwishoni kinakuja kitunguu saumu taratibu. Nikaizungusha mdomoni, shavu hili na shavu lile.

"Hii si ya huku," nikasema. "Ni zile za viwanda vidogo vya Manila, wanazokunywa matajiri. Imetulia kweli! Hebu niongezeni."

Wakaniongeza. Nikaimaliza.

Kisha mtu akaanguka kutoka kwenye benchi kwa kicheko. Nikalivuta taulo. Mjomba Pasyo alikuwa amelishika lile bakuli kwa mikono miwili, maji yamepungua, na kwenye ukingo wa glasi yangu kimenata kipande cha ngozi ya nguruwe, kina unywele wa sharubu.

"Za matajiri, eh?" akasema. "Kumbe mimi ni kiwanda!"

Nilishika benchi nisimtapikie mkwe.

Lakini Mzee Eustaquio alicheka mpaka machozi. "Mwanangu, umekunywa mate ya ukoo mzima ukaomba uongezwe! Nina wakwe wa miaka mingi hawajafika huko. Waambie wazazi wako waje. Haya, tulifunge neno. Glasi moja, sote."

Akanywa yeye. Akanywa mjomba, masharubu yakaogelea. Glasi ikanifikia ikiwa na uvuguvugu mdomoni, na alama ya mafuta pale pale nilipotakiwa kuweka midomo yangu.

Wakati huo mjomba aliinama kung'oa kizibo cha chupa nyingine kwa meno, na wote wakageuka kumshangilia. Nikaipitisha glasi juu ya bega, nikaimwaga nyuma ya benchi, nikairudisha mdomoni tupu.

"Aaah!" nikasema, nikijipangusa.

"Kanywa!" mjomba akapiga kelele. "Huyu ni wetu!"

"Baba."

Nikageuka. Analyn alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya ngisi. Bia ilimchuruzika kifuani, na kipande cha barafu kilikuwa kinayeyuka juu ya ngisi.

"Hajanywa," akasema. "Limekunywa gauni langu."