Dozi ya Pili

Fundi Cherehani alikuwa amejifunza kumeza mate bila kukunja uso. Tangu dozi ya kwanza ya dawa ya saratani, vidonda vilimjaa kinywani vikashuka hadi kooni, na tumbo likawa la kukimbilia msalani. Hata hivyo nesi alipomletea fomu kabla ya dozi ya pili, aliandika: vidonda, hakuna; kuharisha, kidogo.

Miaka sita nyuma, dada yake mkubwa aliugua saratani hiyohiyo ya utumbo. Alipolalamikia dozi ya kwanza, Fundi alimwuliza kama yeye ameumbwa kwa sukari, mbona wenzake wanavumilia. Dada akacheka kwa aibu, akaenda kwa dozi ya pili, hakumaliza mwezi. Watu wakasema ugonjwa umemzidi nguvu. Sasa yamemfika Fundi mwenyewe. Aliyemnyima dada yake kulia, atalia kwa haki gani?

Kwenye kiti cha jirani wodini alikaa mama mmoja waliyemwita Bibi Biskuti, maana dripu ikitiririka naye anatafuna. Akamsogezea pakiti.

"Kula, mdogo wangu. Dawa haimpendi mwenye njaa."

Fundi akauma kwa adabu tu. Biskuti ikatoka na damu. Nesi, aliyekuwa akitundika mfuko wa dawa, akaushusha.

"Fungua mdomo, mama."

Fundi akageukia ukutani.

"Nikikuwekea hii bila kujua," nesi akasema taratibu, "huenda tusionane tena."

Akafungua.

Dozi iliahirishwa, damu ikapelekwa maabara. Vidonda vilipopona, daktari alimweleza kwamba miili ya watu wengi huivunjavunja dawa ile na kuitoa. Wake ulizaliwa na upungufu wa uwezo huo, kwa hiyo dawa ilibaki ndani ikirundikana. Wala si uoga, wala si udekaji. Fundi akakumbuka walivyompima urefu na uzito siku ya kwanza, naye akaridhika, kwani hata yeye hukata nguo kwa vipimo. Kumbe kimoja kilisahaulika.

"Ni jambo la kurithi," daktari akasema. "Una ndugu wa tumbo moja? Tungempima."

"Nilikuwa naye."

Daktari akaweka kalamu chini. Hakuna awezaye kumpima marehemu kwa kukisia, alisema, na Fundi akaelewa kwamba hatajua kamwe kama ni dawa iliyomuua dada.

Alipewa nusu dozi. Bibi Biskuti akamtania kwamba wengine wanaruhusiwa mapema kama watoto wa chekechea. Fundi akatabasamu, akashika mkoba wake, akatoka peke yake.

Wiki ilipita, kinywa kikabaki kizima. Mchana mmoja alisogeza vitambaa vya wateja, akaweka bakuli la supu kando ya cherehani. Alikula polepole, kijiko baada ya kijiko, na hakuna kilichouma. Katikati ya bakuli akasema, "Nisamehe, dada," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. Akasubiri kidogo. Kisha akamalizia supu, kwa kuwa ilikuwa inapoa.