Chemchemi ya Kulinganishia

Mwaka ule wa wakimbizi, chemchemi yetu ya Rugera ilianza kukauka. Kambi ilikuwa imewekwa mlimani juu yetu, na miti yote ikaishia mafigani. Siwalaumu. Mtu aliyekimbia mapanga atapikia nini, mawe?

Shirika lililosimamia kambi lilisema ni ukame tu. Kama kosa ni la kambi, shirika litatuvutia bomba. Kama ni la jua, tumwombe Mungu. Yustus, bwana maji, akaja na ufito wake wa kupimia. Akapima kina cha chemchemi yetu, kisha cha ile ya Rugu, kijiji jirani ambako hakuna kambi. Jua ni lile lile, alisema. Zikishuka pamoja, ni ukame. Ikishuka ya Rugera peke yake, ni miti.

Zikashuka pamoja.

Nilicheka kwa hasira. Zisishuke vipi? Sisi wanawake wa Rugera tulikuwa tukichota kwa ndugu zetu wa Rugu tangu kiangazi kianze. Nani atamnyima ndugu yake maji?

"Mama Adelgunda," Yustus akaniambia, "hapo mmeniharibia kipimo. Acheni kuchota kule mpaka nirudi. Namba zitawasemea."

Tukakubaliana, mimi nikiwa wa kwanza kunyoosha mkono. Watu wa Rugu wakaweka mlinzi wa chemchemi: Placidia, mdogo wangu wa tumbo moja. Sisi tukawa tunachota bondeni, kwenye matope yaliyokanyagwa na ng'ombe. Kuni za kuchemshia hatukuwa nazo.

Adelgunda, mwanangu wa pekee, akaanza kuhara damu. Nikachukua kibuyu, nikakimbia Rugu, na wanawake wenzangu wakanifuata na ndoo.

"Placidia, mtoto anaisha. Nataka maji safi ya kumkorogea chumvi na sukari. Kibuyu hiki tu."

Akaanza kulia kabla sijamaliza. "Dada, waitu, ndugu yangu, Yustus anapima Jumatatu. Wenzako wale nyuma yako wana ndoo. Nikikupa wewe, wao nitawaambia nini? Tutakosa bomba, na watoto wote watakwisha."

"Huyu ni mwanao pia."

"Najua," akasema. Hakutoka njiani.

Nilirudi na kibuyu kikavu. Jumapili tulimzika Adelgunda kibanjani, chini ya migomba. Jumatatu Yustus akapima. Ya Rugu ilikuwa imejaa. Yetu ilizidi kushuka. Ushahidi safi, alisema, na kweli bomba likaja.

Siku ya kulifungua nilimvuta pembeni. "Bwana Yustus, mtu angechota kibuyu kimoja tu kule Rugu, kipimo kingeharibika?"

Akacheka. "Kibuyu kimoja? Kisingeonekana hata kwenye ufito."

Placidia bado ananiletea ndoo ya maji ya Rugu kila Jumapili, ingawa bomba liko karibu na mlango wangu. Anaketi, anaangalia chini, ananiuliza, "Lakini tulifanya sawa, dada, au sivyo?"

Siku nyingine namwonea huruma, namwambia ndiyo. Siku nyingine chuki inanipanda, na jibu la Yustus linafika mdomoni, na mimi nauma meno lisitoke.