Kiti cha Dirishani

Kila asubuhi saa tatu, mke wa mpwa wa Shangazi alikoroga ndoo ya maganda ya ndizi yaliyovunda siku nne, akayachuja, akayazimua mpaka maji yakawa na rangi ya chai hafifu, kisha akazinywesha okidi zake arobaini na moja. Alipenda kutangaza kwamba maua yake hayali kemikali. Mtaani walimwita Katibu, kwa kuwa alikuwa katibu wa chama cha wapenda maua, na cheo hicho alikwenda nacho hata msalani.

Shangazi alimtazama akiwa kwenye kiti cha plastiki, humo humo ndani ya kibanda cha maua. Alihamishiwa huko kwa sababu alikohoa mbele ya wageni. Kiti chake cha mbao, alichokuja nacho, kilibaki sebuleni karibu na dirisha. Ndicho alichokalia miaka ile akimbembeleza mpwa wake, aliyefiwa na mama akiwa na wiki mbili. Siku hizi mtoto huyo ana kitambi na gari, na mbele ya mkewe hana kauli. Shangazi hakutaka makubwa. Alitaka kukikalia tena kiti chake.

"Wageni wakiondoka, Shangazi," Katibu alimjibu kila alipoomba. Wageni wa nyumba ile hawakuisha.

Jumatatu moja kisigino cha kushoto cha Shangazi kilianza kugeuka mboji. Hakikumuuma. Kilimeguka polepole, cheusi, laini, kikinukia majani yaliyolala chini ya mti baada ya mvua.

"Mwanangu, kisigino kinavunda," alimwambia mpwa wake.

"Pole, Shangazi. Umemwambia mama watoto?"

Mama watoto akaambiwa. Alichukua kidogo kiganjani, akainusa, akaifikicha, akasema ndiyo waliyoitafuta chamani miaka yote: nyepesi, haituamishi maji, haiunguzi mizizi. Akaichanganya na magome ya miti yaliyooza. Wiki ya pili okidi saba zilichanua. Daktari akaja, akampima Shangazi shinikizo la damu, akasema mboji ni nzuri sana, ila isizidi kijiko kimoja kwa chungu. Akaomba mfuko mdogo, ampelekee mkewe.

Basi Shangazi akaanza kutunzwa. Katibu alimletea chai kwa mkono wake mwenyewe, akamkinga na jua, akamnyunyizia maji mara mbili kwa siku. Majirani walisema wake wema kama huyu hawapatikani tena. Macho walikuwa nayo, maskini.

Magoti yaliisha mwezi wa pili, kiuno mwezi wa nne.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Shangazi alisema, akikung'uta gauni lake.

"Kung'uta na mikunjo, Shangazi, humo ndimo inamojificha," Katibu alisema, akikinga beseni.

"Na kiti changu?"

"Wageni wakiondoka."

Siku ya mwisho kilibaki kichwa, bega moja na kikohozi. Mpwa alisimama mlangoni akichezea funguo. Kiti kilikuwa hatua thelathini kutoka pale, naye alikuwa na mikono miwili mizima. "Tutakukumbuka, Shangazi," alisema, akaenda kuosha gari. Asante ya punda ni mateke, lakini huyu hata teke aliona uvivu kulitoa.

Mboji yote iliyosalia Katibu aliitia kwenye chungu kimoja. Baada ya siku tisa likachanua ua jeupe lenye madoadoa ya kahawia, yaleyale yaliyokuwa mgongoni mwa mikono ya Shangazi. Lilishinda mashindano ya chama, na wanachama wakaja kulitazama. Katibu alipangusa kiti cha dirishani, akatandika nailoni kisilowe, akaweka chungu juu yake.

Shangazi akatulia. Mbao zilikuwa zilezile. Nje alimwona mpwa wake akisugua tairi. Alifurahi, kusema kweli alifurahi sana.

Kisha ua likakohoa, mara tatu, kikohozi kikavu.

"Langu nalo hukohoa wakati wa mvua," mwenyekiti wa chama alisema, akijimiminia chai. "Ni unyevu tu."

Katibu aliwatabasamia wageni, akakibeba chungu mpaka kibandani, akakiweka juu ya kiti cha plastiki.

"Wageni wakiondoka, Shangazi," alisema, akafunga mlango.