Alijenga Nyumba

...halafu ananyooshea ubao fimbo kana kwamba mimi kipofu, Mwalimu Gregori huyu, juzi tu kateremka kutoka Rondo na kaptula yake, "Soma, mama, usiogope," nani kaogopa, mimi Mwahija nimehitimu msahafu kabla mama yako hajavunja ungo, barua naandika kwa herufi za Kiarabu, lakini serikali imenihesabu ngumbaro, mtu mzima asiyejua kusoma, haya, ngumbaro anasoma, "Huseni ni mkulima hodari... alihamia kijijini... alijenga nyumba," na kila nikifika kwenye "alijenga" kichwa kinarudi nyuma kumtafuta aliyejenga, kinampita Huseni wa ubaoni, kinakwenda kumshika Dadi, mume wangu, ndiye aliyezoea kukaa mbele ya neno hilo, mkulima hodari! siku lori lilipotuhamisha huku aliteremka njiani, Somanga, kunywa maji, akakaa kwa mwanamke mwingine misimu miwili, kiu gani hiyo, sasa kamtuma Abilahi mchuuzi, eti Ijumaa anarudi nyumbani kwake, nami asubuhi nikajibu aje, nyumba ni yake... "Soma tena, mama, umeanzia mwisho wa mstari," wanacheka, wacheke, jicho langu limezoea kuanzia mkono wa kulia, herufi zao ndizo zinazotembea kinyumenyume, basi nimeanzia "nyumba", nimekutana nayo peke yake, kabla ya mtu yeyote, nyumba... fito nilikata mimi, udongo niliukanyaga na homa yangu, makuti nilisuka mpaka vidole vikatoka damu, sasa ndiyo kichwa kinarudi kutafuta aliyejenga, kinamtafuta Dadi palepale anapokaa siku zote, hayupo, kinatafuta tena, hayupo, na kijiji kizima wakipita wanasema hapa ni kwa Dadi, nami mpumbavu kuliko wote nasema karibuni kwa Dadi, misimu miwili nakaribisha watu kwa mtu asiyejua mlango unafungukia upande gani... "Nani alijenga nyumba, mama?" fimbo bado iko palepale, mtoto wa watu anataka nimwambie Huseni, nitamwambia, moyo wake utulie, lakini Abilahi akipita jioni atabeba jibu jingine, Dadi akitaka kuja Ijumaa na aje, atabisha hodi kwangu kama wabishavyo wageni, na huyo mgeni simkaribishi, naumia, ndiyo, naumia, lakini simkaribishi... "Mama? Nani alijenga?"